Picha Moja Kila Siku kwa Siku 30: Mwongozo Kamili kwa Mwenye Simu

Anayetaka kukua katika upigaji picha hana haja ya kusubiri kamera mpya. Apige kila siku, ajiwekee masharti, na kila mwisho wa wiki azitazame picha zake kwa jicho kali. Mawili ya kwanza wengi huyaweza. La tatu hukwepwa, na hilo ndilo linalomkuza mtu.

Zoezi lenyewe ni la siku nyingi. Jamie Livingston wa New York alipiga picha moja ya Polaroid, ile inayojichapa papo hapo, kila siku kuanzia tarehe 31 Machi 1979 hadi 25 Oktoba 1997, siku aliyofariki. Jim Brandenburg, mpiga picha wa wanyama na misitu ya kaskazini mwa Minnesota, Marekani, mwaka 1994 alijipa sharti gumu zaidi: kwa siku 90, tangu mchana na usiku zilipolingana mwezi Septemba hadi Desemba, alibofya mara moja tu kwa siku. Ya Livingston ilikuwa shajara. Marafiki, chakula, barabara, chochote kilichotokea siku hiyo. Ya Brandenburg ilikuwa zoezi la kungoja. Mwongozo huu unachukua njia ya kati: unabofya hadi mara 12 kwa siku, na picha moja tu ndiyo inayobaki.

Kwa nini 12? Filamu ya aina iitwayo 120 kwenye kamera ya picha za mraba ilitoa picha 12 kwa roli moja. Ni nafasi ya kutosha kukosea na kurekebisha, lakini hairuhusu kumimina picha 80 ukitumaini moja itatoka nzuri. Anayebofya 80 hajifunzi kuamua. Ameiachia simu kazi ya kuamua.

Masharti ya kuandika kabla ya siku ya kwanza

Anza na siku 30. Mwaka mzima ni ahadi nzuri ya tarehe 1 Januari, lakini kwa anayeanza ni mrefu mno: kabla hajajua anatafuta nini, uchovu umeshamkuta. Siku 30 zinatosha wiki nne za mazoezi tofauti na siku mbili za kujipima.

Andika masharti kwenye daftari, kwa kalamu:

1. Eneo. Chagua mahali unapoweza kufika kwa miguu ndani ya dakika 10 kutoka nyumbani au kazini. Eneo dogo linakulazimisha uangalie upya kile ulichokizoea.
2. Lenzi moja, ile kuu yenye alama ya 1x. Usivute picha kwa vidole. Kwenye kamera ya megapikseli 12, kuvuta mara mbili kwa vidole kunakuachia megapikseli 3. Simu yenye kitufe halisi cha 2x unaweza kuiruhusu kuanzia wiki ya pili.
3. Mibofyo isiyozidi 12.
4. Picha ya siku ichaguliwe siku hiyohiyo, kabla ya kulala.
5. Siku iliyokosekana inaachwa wazi. Usiifidie kesho yake kwa picha mbili, wala usirudi kuanza upya. Anayeanza upya kila akikosa siku atakuwa siku ya 4 maisha yake yote.

Kisha andika mada zako. Orodha nyingi zinazosambaa mtandaoni zimetungwa na watu wa mazingira mengine: theluji, majani mekundu ya Oktoba, mahali pa kuotea moto. Zako zitoke mtaani kwako. Andika 40 kwa mkupuo mmoja bila kuzichuja: mlango wa jirani, genge la mboga, kanga kambani, fundi cherehani, foleni ya maji, viatu mlangoni mwa msikiti, kituo cha daladala au stejini, jiko la mkaa, kinyozi, bodaboda wanaosubiri abiria, kivuli cha mwembe. Chuja baadaye. Pigia mstari zile unazoweza kuzipiga hata mvua ikinyesha, kwa sababu masika haisubiri changamoto yako iishe.

Kuiandaa simu

Hapa hapahitaji muda mrefu. Futa lenzi kwa kitambaa laini cha pamba kila unapoanza. Alama ya kidole ndiyo chanzo cha ukungu mweupe unaozunguka taa kwenye picha nyingi za usiku. Washa gridi ya mistari kwenye mipangilio ya kamera. Zima kipengele cha kurembesha uso. Simu nyingi za Android huja nacho kimewashwa, na kazi yake ni kulainisha ngozi na kuifanya nyeupe. Kwenye picha zako hakina kazi.

Nafasi: picha ya megapikseli 12 kwa kawaida ni MB 3 hadi 5. Kwa mibofyo 12 kwa siku, hesabu kama MB 50, yaani takriban GB 1.5 kwa mwezi. Ukiwa na GB 2 zilizo wazi hutasumbuka. Hifadhi ya mtandaoni iweke ifanye kazi kwenye Wi-Fi peke yake, la sivyo bando litaisha bila kujua lilikokwenda. Na usitegemee WhatsApp kama ghala, kwa sababu hupunguza sana ukubwa wa picha. Ukilazimika kuituma kwa njia hiyo, iambatanishe kama faili la hati.

Ukitoka chumba chenye kiyoyozi kwenda nje kwenye joto la pwani, lenzi hupata ukungu. Usiifute futafute. Ipe dakika 10 izoee.

Mwanga wa kwetu

Sehemu kubwa ya mafunzo ya picha mtandaoni imeandikwa kwa ajili ya nchi ambako jua hushuka kwa mshazari na jioni hudumu. Kwetu karibu na ikweta jua hupanda na kushuka karibu wima, takriban digrii 15 kila saa. Mwanga wa dhahabu unaoimbwa sana unakupa kama dakika 40 hivi, kisha umekwisha. Dar es Salaam jua huchomoza kati ya saa 11:50 alfajiri na saa 12:40 asubuhi, na huzama kati ya saa 12:10 na saa 12:50 jioni, mwaka mzima. Mombasa na Nairobi hazitofautiani sana na hapo. Maana yake ni kwamba ratiba yako inaweza kuwa ileile Januari na Julai, jambo ambalo mpiga picha wa Ulaya hana.

Kipimo rahisi ni kivuli chako mwenyewe. Kikiwa kirefu kuliko wewe, jua liko chini ya digrii 45 na linaangaza kutoka upande: piga juani. Kikiwa kifupi kuliko wewe, ondoka juani. Kwa kawaida hali hiyo huanza saa 3:30 asubuhi na kuendelea hadi saa 9:00 alasiri na ushee. Mwanzoni mwa Machi na karibu tarehe 10 Oktoba, jua la adhuhuri hupita juu kabisa ya Dar es Salaam. Kivuli hukaa chini ya nyayo, na macho ya kila unayempiga hugeuka mashimo meusi.

Saa hizo za jua kali hazijapotea. Tafuta mpaka wa kivuli: baraza, mlango ulio wazi, turubai la genge, kichochoro. Mweke mtu hatua moja ndani ya kivuli, uso ukielekea nje kwenye mwanga. Mchanga mweupe, sakafu ya saruji au ukuta wa chokaa ulioko mbele yake utarudisha mwanga usoni kutoka chini, na ule weusi wa machoni utapungua. Katika vichochoro vya Mji Mkongwe wa Unguja au Lamu, ukuta mmoja uliopigwa na jua huangaza ukuta wa pili na kila anayepita katikati yake. Simama hapo robo saa tu na utaona.

Baada ya jua kuzama una kama dakika 20 kabla giza halijaingia. Kuanzia dakika ya 10 hivi mwanga wa anga na mwanga wa taa za madukani hulingana, mbingu ikiwa buluu na vibanda vikiwa na rangi ya chungwa. Hapo ndipo picha za genge na za barabarani hupendeza kuliko saa nyingine yoyote.

Msomaji aliyeko London au Minneapolis apange tofauti. London karibu tarehe 21 Desemba jua halivuki kama digrii 15 hata adhuhuri, na huzama kabla ya saa 10 jioni. Kimo hicho cha adhuhuri ndicho ambacho Dar jua hukifikia kama saa moja tu baada ya kuchomoza. Mapumziko yako ya chakula cha mchana ndiyo mwanga wako mzuri, usingojee jioni.

Ngozi nyeusi na kamera inayobahatisha

Kamera haijui inaangalia nini. Hupima mwanga wa fremu nzima na kujaribu kuuleta kwenye wastani wa kijivu. Mtu mweusi akisimama mbele ya ukuta mweupe, kamera huona mwangaza mwingi, hupunguza, na uso unakuwa giza. Akisimama mbele ya mlango mweusi, huongeza, na ngozi inafifia kama imepakwa majivu. Tatizo lina mizizi mirefu: kwa miongo kadhaa, kadi ambazo kampuni ya filamu ya Kodak ilizipeleka maabara kwa ajili ya kulinganisha rangi zilikuwa na picha ya mwanamke Mzungu, na ngozi yake ndiyo iliyokuwa kipimo. Simu za leo zina nafuu, lakini usiziachie kazi yote.

Fanya hivi. Gusa uso kwenye kioo cha simu na ushikilie kidole sekunde mbili hadi alama ya kufunga fokasi (ukali wa picha) na mwanga itokee. Kisha telezesha kidole juu au chini kurekebisha. Usiangalie paji la uso peke yake. Angalia shavu la upande wenye mwanga. Mng'ao wake uonekane, lakini usiwe doa jeupe lisilo na ngozi ndani. Upande wa kivuli uache uwe mweusi. Kuuangaza kwa nguvu ndiko kunakoleta ile sura ya plastiki.

Kila siku, dakika 30

Dakika mbili za kwanza ni za kuandika, kabla hujatoa simu mfukoni: leo natafuta nini? Sentensi moja inatosha. "Mvuke wa chai ukiwa na jua nyuma yake." "Mikono peke yake." Bila sentensi hiyo utapiga kila kinachong'aa.

Dakika 20 ni za kupiga. Picha tatu za kwanza huwa ni zile ambazo kila mtu angezipiga. Zipige, zimalize. Kisha sogea: chuchumaa, panda ngazi, zunguka upande wa pili wa jua. Kabla ya kila mbofyo pitisha macho kwenye pembe nne za fremu. Nguzo ya umeme inayochomoza kichwani mwa mtu, mfuko wa plastiki kwenye kona, nusu ya mguu wa mpita njia: vyote hivi huondoka ukisogea hatua moja.

Dakika nane zilizobaki ni za usiku. Chagua picha moja. Uhariri usizidi dakika tatu: nyoosha upeo, kata kingo, rekebisha mwangaza, basi. Snapseed ni ya bure na inatosha. Katika wiki mbili za kwanza usitumie vichujio vya rangi hata kidogo, kwa sababu vinaficha makosa ya mwanga unayotakiwa kuyaona. Ipe picha jina lenye namba ya siku, kama siku-07-mlango, na uandike chini ya sentensi ya asubuhi: nilichokitaka kimetokea au hakikutokea, na kwa sababu gani. Zile 11 zilizobaki usizifute hadi Jumapili.

Wiki ya kwanza: mwanga

Siku ya 1 hadi ya 3, piga kitu kilekile, kiti au mlango au mti, mara moja asubuhi, mara moja mchana, mara moja jioni, siku tatu mfululizo. Wengi huona zoezi hili linachosha. Usiliruke, ndilo linalofundisha kuona mwanga kabla ya kuona kitu. Siku ya 4 na ya 5 ni za mwanga wa nyuma. Siku ya 6 ni ya kivuli cha mchana, na ya 7 ni zile dakika 20 baada ya jua kuzama.

Kwa mwanga wa nyuma hakuna mwalimu bora kuliko muuza kahawa. Fika kijiweni saa 11:30 jioni. Salimia, nunua kikombe na kashata, keti kwanza. Mvuke na mkondo wa kahawa havionekani mbele ya anga jeupe; vinahitaji kitu cheusi nyuma na jua linalotokea nyuma au ubavuni. Tafuta mahali ambapo dele, lile birika la kahawa, lipo kati yako na jua, na nyuma yake kuna mlango wenye giza au kivuli cha ukuta. Jua lenyewe lifiche nyuma ya nguzo au bega la mtu. Gusa kwenye dele, funga, kisha shusha mwangaza hadi takriban -0.7 ikiwa simu yako inaonyesha namba, au hadi shaba isipoteze umbo lake. Usibofye kahawa inapoanza kutoka. Subiri mkono upande na mkondo urefuke kuelekea kikombe, na hapo ndipo ubofye. Mibofyo minne inatosha. Ukikosa, atamimina tena, kwa sababu mteja wa pili yuko njiani.

Wiki ya pili: umbali na kimo

Piga kila kitu kwa umbali wa namna tatu: hatua tano, hatua mbili, na urefu wa mkono. Kisha jiulize ni upi ulioondoa visivyohitajika. Mara nyingi jibu ni ule wa karibu, ingawa si mara zote. Fundi baiskeli akiwa mdogo chini ya mbuyu mkubwa ni picha kamili ya hatua 20.

Ili upige kutoka chini kabisa, geuza simu kichwa chini. Lenzi itakaa sentimita moja au mbili kutoka ardhini, na dimbwi la maji la upana wa sahani litaonekana kama ziwa lenye mawingu ndani yake. Kwa vitu vidogo kumbuka kuwa lenzi kuu za simu nyingi hazishiki fokasi chini ya sentimita 10 hadi 15. Picha ikikataa kuwa kali, rudi nyuma kidogo kisha ikate baadaye.

Wiki ya tatu: watu

Salamu kwanza, simu baadaye. "Shikamoo mzee," kisha maneno mawili matatu ya hali na kazi, kisha, "Naomba nikupige picha ukiwa kazini, itawezekana?" Akikataa, shukuru na ununue ulichokuja kununua. Akikubali, mwache arudi kwenye kazi yake. Picha ya kwanza atakaa wima kama yuko studio, ya nne atakuwa amekusahau. Mwonyeshe kwenye kioo. Ukimwahidi kumtumia, mtumie jioni ileile, maana mtaa mzima utajua kama hukutuma. Wapo wanawake, hasa pwani, wasiopenda sura zao zipigwe lakini hawana neno na mikono: ukili unaosukwa, hina, chapati inayogeuzwa. Kubaliana kabla, na ufuate makubaliano.

Watoto ni kwa ruhusa ya mzazi au mlezi, hata kama wao wenyewe wanakurukia wakisema "nipige mimi!" Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 na Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 zinahusu pia picha inayomtambulisha mtu. Mwezi Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ya Kenya iliitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuweka mtandaoni picha za watoto bila idhini ya wazazi. Picha ukitaka kuiuza au kuitumia kwenye tangazo, pata idhini ya maandishi. Kambi za jeshi, ikulu, vituo vya polisi na magereza usiyaelekezee simu kabisa. Kwenye vivuko, bandari na viwanja vya ndege, uliza mlinzi kwanza.

Wiki ya nne: mwendo na mfululizo

Hapa watu wengi hukwama, na sababu yake ni ya hesabu. Lenzi ya simu tundu lake la kupitisha mwanga kwa kawaida halibadiliki. Nyingi ni karibu f/1.8. Kwenye jua kali la mchana, hata ISO (wepesi wa kamera kupokea mwanga) ikiwa 50, kasi ya shata, yaani muda wa kupokea mwanga, inayotakiwa ni kama 1/4000 ya sekunde. Kwa kasi hiyo kila kitu hugandishwa: mtoto anayeruka baharini, tone la maji, gurudumu. Basi vitu vya kugandisha vipige mchana. Ukitaka daladala iache mstari wa rangi nyuma yake, mchana haiwezekani bila kioo cheusi cha kupunguza mwanga.

Subiri jua lizame. Fungua mfumo wa kamera wenye jina la Pro, au kama simu yako haina, pakua programu ya bure ya Open Camera kwa Android au Lightroom ya simu, halafu uangalie kama inakuruhusu kubadilisha shata. Weka ISO 50 na shata 1/30. Simama kando ya barabara mahali salama, miguu ikiwa imepanuka, viwiko vimebana mbavu. Daladala ikiwa bado mbali, anza kuifuata kwa kiwiliwili kizima, bofya ikiwa mbele yako, na uendelee kuzunguka hata baada ya kubofya. Gari litakuwa kali, ukuta nyuma yake utakuwa mistari. Ukiona gari nalo limetiwa ukungu, ulisimama ulipobofya. Picha ikiwa nyeupe mno, ongeza kasi hadi 1/60. Ikiwa giza, pandisha ISO hadi 200. Zoezi hili ndilo pekee ambalo unaruhusiwa kuvuka mibofyo 12.

Chini ya taa za LED za dukani unaweza kuona mistari myeusi inayokata picha. Umeme wetu hubadilika mara 50 kwa sekunde, na taa nyingi za bei rahisi humeremeta mara 100. Weka shata 1/50 au 1/100 na mistari itatoweka.

Siku nne za mwisho za wiki hii zitumie kwa habari moja, mahali pamoja. Siku ya kwanza mahali penyewe kwa upana, ya pili mtu, ya tatu mikono na kazi, ya nne kitu kimoja kidogo kinachobeba yote, kama mizani iliyochakaa ya muuza samaki. Kisha siku ya 29 na ya 30 rudi kwenye kitu ulichokipiga siku ya 1, saa ileile.

Jumapili: mapitio

Tenga dakika 45, simu ikiwa haina intaneti. Weka picha saba za wiki kwenye kioo kimoja, ndogo ndogo. Zikiwa ndogo, umbo na mwanga huonekana na maelezo madogo hayakudanganyi. Jibu kwa maandishi: jicho langu linakwenda wapi kwanza katika kila picha, na ndipo nilipotaka liende? Kitu gani kinajirudia? Ipi ningeitoa kama ningelazimika, na kwa nini?

Kisha pitia zile 77 ulizoziacha. Karibu kila wiki kuna moja bora kuliko uliyoichagua usiku ukiwa umechoka. Usiibadilishe kwenye orodha. Iandike pembeni, na uandike ni nini hukukiona.

Mwonyeshe mtu mmoja unayemwamini picha hizo saba bila maelezo yoyote. Usimuulize kama ni nzuri, kwa sababu adabu itamlazimisha aseme ndiyo. Muulize, "Umeona nini kwanza?" Akisema "ukuta" wakati wewe ulipiga mtu, una kazi ya kufanya.

Mwisho wa mapitio, jiwekee marufuku moja ya wiki inayofuata. Picha saba zote zimepigwa kwa kimo cha macho? Wiki ijayo kimo cha macho ni marufuku. Kila kitu kimewekwa katikati? Katikati ni marufuku. Machweo matatu? Hakuna kupiga anga. Marufuku ndiyo inayokutoa kwenye mazoea yako, na inafanya kazi kwa sababu umeitoa kwenye picha zako mwenyewe.

Yanayoharibika njiani

Kati ya siku ya 9 na ya 14 huja ukavu. Picha zote zinafanana, mtaa umekwisha. Kwa kawaida sababu ni kwamba unatoka saa ileile na kusimama urefu uleule. Badilisha saa kabla ya kubadilisha mahali. Kama unakaa pwani, fuata maji: kila siku kupwa na kujaa husogea mbele kwa kama dakika 50, na wakati wa bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mpya na mwezi mpevu, maji hutoka mbali sana, kwa hiyo ufuo uleule wa Jambiani au Paje kule Unguja unakupa mashamba ya mwani leo na bahari tupu wiki ijayo.

Kuweka picha mtandaoni kila siku huharibu zoezi taratibu. Baada ya siku chache utaanza kuchagua picha itakayopendwa, na inayopendwa ni ile watu waliyokwisha kuizoea. Weka mara moja kwa wiki, baada ya mapitio, au subiri siku 30 ziishe.

Kwa siku za homa, safari au umeme kukatika, uwe na mawazo matano ya picha ya akiba, yote ya ndani ya nyumba karibu na dirisha: glasi ya maji, mkono juu ya shuka, mwanga wa mshumaa ukutani, pazia na upepo, sufuria zilizofunikwa. Ubora wake si hoja siku hiyo.

Baada ya siku 30

Chagua 10 kati ya 30 na uzichape. Kwa ukubwa wa A4 unahitaji takriban pikseli 2480 kwa 3508, yaani kama megapikseli 9, hivyo faili halisi la simu ya megapikseli 12 linatosha, lililotumwa WhatsApp kama picha ya kawaida halitoshi. Mpelekee mchapaji kwa flashi ya kompyuta. Mwambie asikate kingo na asiongeze mwangaza kwa mashine, na omba chapa moja ya majaribio kwanza: karatasi huonyesha giza zaidi kuliko kioo cha simu, na nyuso ndizo huumia mapema. Uso ukitoka mzito, ongeza mwangaza kidogo kwenye faili kabla ya kuchapa zilizobaki.

Zitandaze sakafuni na uzipange hadi kila moja ikae vizuri na jirani yake. Ile inayogoma popote itoe, hata kama unaipenda. Kisha kusanya marufuku zako nne na uchague iliyokuwa ngumu kuliko zote. Hiyo ndiyo iwe sharti la kwanza la siku 30 zinazofuata, na uzianze baada ya mapumziko ya wiki moja bila kupiga chochote.